Mazoezi ya Bobini Moja

Siku ya kwanza mama mkwe alidhani mkamwana wake, fundi wa kushona nguo, amepandwa na mashetani. Cherehani ilinyamaza, fundi akasimama, akachuchumaa na kuinuka mara kumi. Kisha akausukuma ukuta kwa viganja kama anayehamisha kabati, akatembea kwa ncha za vidole hadi mlangoni na kurudi. Ndipo akajaza uzi kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akaketi kushona.

"Mwanangu, kuna nini?"

"Mazoezi, mama. Miaka tisa ya kukaa imeninyong'onyeza magoti. Daktari wa viungo anataka nusu saa kila siku. Mwisho wa mwezi nisipoinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, cherehani naiweka kando miezi sita."

"Miezi sita! Na hizi sare zote?"

"Ndiyo hivyo, mama. Nusu saa nzima sina, ila dakika tatu tatu sikosi."

Mama mkwe alimtazama kwa heshima. Mikono imejaa kazi, pini mdomoni, na bado anajiibia dakika za kujijenga! Akaazimia kumpunguzia mzigo. Aliona kwamba fundi mzima ana bobini moja tu, maskini. Kesho yake akanunua kumi na mbili, akazijaza uzi zote, akazipanga kwenye kisahani karibu na mkono wa fundi.

Fundi alizitazama kidogo. "Ahsante mama. Umejisumbua."

"Usumbufu gani? Ushone tu."

Akashona. Alishona mchana kutwa, siku nne mfululizo, na kila alfajiri kisahani kilikuwa kimejaa tena. Mama mkwe akafurahi mpaka akawa anaimba.

Siku ya tano, akiwa koridoni na nguo za kuanika, akamsikia mwanawe jikoni akimwuliza mkewe, fundi.

"Mbona siku hizi sikusikii ukihesabu? Jeshi limevunjwa?"

"Bobini ndiyo ilikuwa kengele yangu," fundi akajibu. "Ikiisha, nasimama. Sasa haiishi. Kila nikisema nisimame, mkono umeshachukua nyingine. Jana nilijaribu kuyafanya yote jioni kwa mkupuo, nikasinzia mkekani."

"Si umwambie mama?"

"Nimwambieje? Mtu anakupa kwa mikono miwili, wewe umrudishie?"

Mama mkwe aliweka beseni chini. Aibu ilimshika, lakini kilichomshika zaidi ni ule wema: binti huyu alikuwa radhi kupoteza kazi yake kuliko kumvunja moyo mzee. Akaingia jikoni.

"Nyie, nimesikia. Kumbe daktari anakuinua, mie nakukalisha! Mwanangu, siku nyingine nifokee."

"Nikufokee wewe, mama?"

"Basi nikonyeze."

Wakacheka wote watatu. Kisahani kikahamia juu ya kabati, na fundi akarudia dakika zake tatu tatu, asubuhi hadi jioni. Hakuruka hata mara moja, hata siku wateja walipojaa mlangoni. "Subirini kidogo, nachuchumaa," aliwaambia, na wateja wakasubiri.

Mwisho wa mwezi walikwenda pamoja kwa daktari. Fundi aliketi kwenye kiti cha mbao, mikono ameikunja kifuani. Moja. Mbili. Mpaka saba aliinuka vizuri. Ya nane alihema. Ya tisa magoti yalitetemeka, uso ukaloa.

Mama mkwe alikuwa ameketi hatua moja tu kutoka pale. Kiganja chake kilikwisha kufunguka kumshika kiwiko. Akazikumbuka bobini zake kumi na mbili, akairudisha mikono yake na kuikalia yote miwili.

Fundi akavuta pumzi, akainama mbele, akapanda polepole, polepole, hata akasimama wima.

"Kumi," alisema daktari. "Kashone."

Mama mkwe hakuweza kupiga makofi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi.