Zamu Yake Mchangani

Asubuhi ya mashindano ya gofu ya wanandoa, Dereva aliimimina chai, akaiacha ipoe, kisha akalitoa neno ambalo mkewe alikuwa akilihofu wiki nzima.

"Mke wangu, leo nikikutia tena mchangani, ndiyo basi. Fimbo hizi nampelekea binti yako aziuze. Nimechoka kukuonea."

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amepiga goti moja akifunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa. "Nani kakwambia unanionea?"

"Macho ninayo."

Fundi hakubishana. Alimjua mtu wake: neno alilolitoa kabla ya chai halijibiwi, linaachwa lipoe kama chai yenyewe. Ila jicho lake lilikwenda lenyewe kwenye kiti kilichokuwa dirishani.

Kiti kile ndicho alichokiogopa. Mumewe alipostaafu kuendesha gari la wagonjwa, moyo nao ulitaka kustaafu. Alilazwa, akapona, akarudishwa nyumbani, akakaa pale dirishani. Akakaa na kukaa, mpaka sponji ikabonyea na kitambaa kikachanika, fundi akashona kingine. Daktari alisema atembee kila siku. Yeye akajibu kwamba mtu mzima hatembei ovyo kama mbuzi aliyekata kamba, lazima awe na anakokwenda. Ndipo binti yao alipowaletea fimbo za gofu za mitumba, na ule mpira mdogo mweupe ukampa mzee pa kwenda. Aliupiga, akaufuata. Akaupiga tena, akaufuata tena. Rangi ikamrudia usoni. Akaanza upya kupiga mluzi wakati wa kunyoa ndevu, mluzi ule ule mbovu wa enzi za uchumba.

Fimbo zikiuzwa, kiti kipo, kinasubiri. Kwa hiyo fundi alipomaliza kufunga kamba hakusimama mara moja. Goti lilikuwa tayari chini, akalitumia. "Ee Mungu," alinong'ona, "leo mpira usiingie mchangani. Na ukiingia, upatikane mkono wa kuutoa."

Katika mashindano yale, mume na mke hutumia mpira mmoja na kupokezana. Huyu akipiga, pigo linalofuata ni la mwenzake, popote mpira ulipoangukia. Wakorofi wa uwanjani waliyaita mahakama ya ndoa, na si uongo: mmoja anaharibu, mwingine anatengeneza, na wote wawili wanaandikiwa matokeo yale yale.

Dereva alijaliwa nguvu, shabaha akanyimwa. Uwanja mzima ulikuwa na majani laini, lakini mpira wake ulitafuta banka, yaani yale mashimo ya mchanga yanayochimbwa makusudi ili kuwatesa watu, kama nzi anavyotafuta kidonda. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyeutia, mkewe ndiye aliyeshuka kuutoa. Mwanzoni fundi aliupiga mpira wenyewe, nao ukaruka kwenda usikotumwa. Kisha siku moja, akiwa anapiga pasi gauni la hariri la mteja, akaelewa. Hariri haiguswi na pasi. Unatandika kitambaa chenye unyevu juu yake, pasi inapita juu ya kitambaa, na hariri inanyooka bila kuungua. Mchangani nako ni vivyo hivyo. Fimbo haigusi mpira. Inapita kwenye mchanga ulio nyuma yake kidogo, na mchanga ndio unaoubeba mpira mpaka nje. Tangu siku hiyo, fundi akishuka, alikuwa anatoka.

Siku ile walipangwa na majirani zao, daktari wa meno na mkewe. Daktari alikuwa na utani wa kumtosha kila mtu. Mkewe alikuwa na kanuni zote za gofu kichwani.

"Shemeji," daktari alimwambia fundi, "umekuja na beleshi?"

"Nimekuja nalo. Ukizidisha maneno nitakufukia."

Mashimo ya mwanzo, yale ya kuingizia mpira, yalikwenda vizuri mpaka fundi akaanza kushukuru mapema. Dereva aliupiga mpira taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Lakini walipofika katikati ya mchezo alijisahau, akaupiga kwa nguvu zake zote. Mpira ukapaa, ukapinda, ukazama kwenye mchanga.

"Basi," alisema. Fundi alielewa. Nusu ya kwanza ya ombi lake ilikuwa imekataliwa. Akaishikilia ya pili.

Alipokuwa akichagua fimbo, alisikia sauti ya kukwaruza. Kugeuka, akamwona mumewe ameshuka bankani na reki, ameinama, anasawazisha mchanga karibu na mpira.

"Baba, unafanya nini huko?"

"Nakutengenezea pa kusimama. Watu wamepita humu kama ng'ombe."

Mke wa daktari alikohoa kidogo. "Shemeji, samahani sana. Ukimsawazishia mahali pa kusimama kabla hajapiga, ni kosa. Adhabu yake mapigo mawili."

Dereva alisimama wima na reki yake. "Mapigo mawili kwa kumjali mke wangu?"

"Kwa kumjali kwa reki, ndiyo."

"Mbona mimi hujawahi kuniandikia adhabu hiyo?" daktari aliuliza.

"Wewe huna hatari ya kosa hilo," mkewe akamjibu.

Fundi alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akashuka, akapiga mchanga, mpira ukatoka laini ukalala karibu na bendera ya shimo. Lakini Dereva hakucheka. Alitembea mikono nyuma, kama watu watembeavyo msibani. "Unaona," alisema mkewe alipomfikia. "Hata nikitaka kukupunguzia mzigo, nakuongezea. Tumalizie kwa heshima. Kesho nazipeleka."

Wakamalizia kwa heshima mpaka shimo la mwisho. Pale, bendera ilisimama nyuma ya banka moja refu kwenda chini, lenye ukingo mrefu kuliko kiuno cha mtu. Dereva alihitaji kuuvusha mpira tu. Haukuvuka.

Walipofika waliukuta umejizika chini ya ukingo, sehemu yake ya juu tu ikionekana, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Daktari alitazama, na kwa mara ya kwanza siku ile akakosa utani.

Fundi aliteremka. Alijua dawa ya mpira uliozama: uso wa fimbo usilazwe, usimame, na pigo lishuke kwa nguvu nyuma ya mpira, bila huruma. Alijua pia kwamba pigo moja zuri linaweza kumfurahisha mwanamume aliyekata tamaa. Akafumba macho kidogo. Ee Mungu, mkono wa kuutoa. Akapiga.

Mchanga ulipaa. Mpira ukapanda, ukaugonga ukingo, ukarudi chini, ukaviringika mpaka kwenye alama za miguu ya fundi mwenyewe, ukatulia humo.

Ombi lote limekataliwa, fundi alifikiri, la kwanza na la pili.

Mke wa daktari alisema kwa upole, "Sasa ni zamu ya Dereva."

Ilikuwa kweli, na kwa wote wanne ilikuwa kana kwamba wameambiwa habari mpya. Tangu waanze kucheza kwa kupokezana, mke alikuwa akitoka kwa pigo la kwanza, na mume hakuwahi hata mara moja kupiga kutoka mchangani. Dereva alibaki juu ya ukingo, akimwangalia mkewe aliye chini.

"Nisamehe," fundi alisema. "Nimekutia mchangani."

Uso wa Dereva ulifanya jambo ambalo haukuwa umefanya tangu asubuhi. Ulilegea. "Wewe unaniomba msamaha mimi? Mtu niliyekufukia humu mwaka mzima?"

"Hujanifukia. Nilikuwa naona raha."

"Raha ya mchanga?"

"Raha ya wewe kunitia mahali. Wakati ule wa kiti hukunitia popote."

Dereva alichukua fimbo ya mchanga kutoka mkononi mwa mkewe, akashuka kwa ubavu, hatua kwa hatua, kama anayeingia kwenye maji asiyoyajua.

"Niambie."

"Usiuguse mpira. Ni kama hariri. Piga mchanga, nyuma kidogo. Na fimbo isiguse mchanga kabla ya kupiga, mwenye kanuni anatuangalia."

"Naangalia kweli," alisema mke wa daktari.

Dereva aliutazama mpira, akautazama ukingo uliomzibia njia. Akatazama nyuma yake, ambako mchanga ulipanda polepole mpaka kwenye majani. Kisha akazunguka, akaipa bendera mgongo.

"Kaka," daktari aliita, "bendera iko huku."

"Naiona. Gari likikwama mchangani, anayekanyaga mafuta kwenda mbele ndiye anayelizika. Nimeshatoka na mgonjwa ndani, sembuse kimpira. Naenda rivasi."

Akapiga. Mchanga mwingine ulimwingia machoni, mwingine mdomoni. Mpira ukainuka kivivu, kama mtu aliyeamshwa, ukatua kwenye majani, nyuma, mbali zaidi na bendera kuliko ulivyokuwa. Lakini nje.

"Umetoka?" aliuliza, akitema mchanga.

"Umetoka," fundi alisema. Aliomba mkono wa kuutoa. Wala hakutaja mkono wa nani.

Walimaliza wa mwisho, nyuma ya watu wote. Dereva alirudi bankani na reki, maana sasa ilikuwa ruhusa, akazifuta alama za miguu ya mkewe na yake, pole pole, akipiga ule mluzi mbovu. Daktari alimsubiri akiwa ameshika kofia mkononi.

Njiani kurudi, Dereva alikuwa ndiye mwenye maneno. "Hiyo ya hariri hebu nieleze tena. Kitambaa kinakuwa kibichi kiasi gani? Na mchanga ukiwa umelowa mvua je?" Baadaye akauliza kama keshokutwa fundi ana mteja, kwa sababu asubuhi uwanja huwa mtupu, mtu anaweza kuingia bankani akapiga mpaka achoke bila kuchekwa na madaktari.

"Na fimbo za kuuzwa?"

"Fimbo gani?"

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha dirishani, na moyo wa fundi ukashtuka kidogo. Lakini alikaa kuvua viatu tu. Alivigeuza, na mchanga ukamwagika sakafuni lundo zima. Akainuka mwenyewe, akauchukua ufagio, akasimama nao juu ya lundo lile akimtazama mkewe.

"Nikisawazisha hapa, nako ni mapigo mawili?"

"Hapa sawazisha tu, mume wangu," alisema fundi, akaenda kuinjika chai.