Wiki Niliyovaa Uso wa Mheshimiwa

Kwa grupu yetu ukishindwa mabishano hautoi kitu, hauombi msamaha, na hautukanwi zaidi ya kawaida. Unabadilishiwa picha ya profaili, basi. Aliyekushinda ndio anachagua picha, na unakaa nayo siku saba. Ukiitoa mapema na wewe unatolewa, na hakuna kurudi. Kuna msee alikaa wiki nzima na picha ya mbuzi wa Dagoretti ameshikwa masikio, na hiyo wiki alikuwa anatafuta kazi. Kazi alipata. Hatujui kama mbuzi ilisaidia.

Grupu inaitwa Riruta Combine Damu. Combine ni timu yetu ya mtaa, na ukisoma hiyo jina utadhani tunaongea mpira. Mpira tunaongea Jumapili, dakika tisini. Siku zingine zote ni siasa: ushuru, bei ya unga, nani amehama chama, mbona barabara inachimbwa juzi tu imewekwa lami. Mtu anaanza na "yule refa amekula kitu," na kabla uweke simu chini tumefika bungeni na watu wawili wametoka kwa hasira, wakarudi kwa chai.

Mimi ndio nilikuwa naongoza kwa kelele. Naitwa Jabir. Nimemaliza fomu foo, nangoja kuitwa koleji, na saa hii namsaidia ami yangu Ridhwan kwa duka yake ya kanzu na leso huko tao, Biashara Street. Mdomo nilipewa bila kipimo. Ndio maana wasee walinichagua niwe mtangazaji wa derbi, Combine na Waithaka, Jumapili, maiki mkononi na spika mbili kubwa mtaa wote ukiskia. Sijawahi shika maiki ya ukweli. Nimetangaza mechi nikioga, nimetangaza mechi nikichemsha chai, nimemtangaza mama yangu akivuka barabara na karai kichwani. Hii ndio ingekuwa mara ya kwanza watu waniskie wakiwa wametaka.

Sasa cheki vile nilijitia shimoni. MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Njogu, alisema ataweka taa uwanjani kabla ya derbi ndio tucheze jioni kama watu wa Ulaya. Thuo akamuamini. Thuo ni mtoto wa landlord wetu, tumesoma darasa moja tangu nasari, na kwa grupu yeye ndio wakili wa Mheshimiwa. Ukimgusa Njogu asubuhi, saa nne umejibiwa na ushahidi wa picha. Mimi nikatuma voisi ndefu ya kudharau. Nikasema hizo taa zitawaka siku Combine itabeba kombe la dunia. Nikasema hata balbu ya choo ya ofisi yake imeungua na watu wanaenda na simu. Wasee walicheka mpaka Kilonzo, ambaye ni admin, akaomba tuwafikirie walio kazini. Thuo hakucheka. Aliandika tu: "Weka uso mezani."

Nikaweka.

Jumanne taa zikawaka.

Manze, ziliwaka. Nguzo nne, mwanga nyeupe mpaka kuku za Muthoni wa saluni zikatoka kwa banda zikidhani kumekucha. Watoto walikimbia wakikanyaga vivuli vyao. Mimi nilikuwa hapo kati nikipiga makofi na furaha yote, kabla nikumbuke kwamba kwangu hiyo ilikuwa habari mbaya.

Thuo alichagua picha polepole, akifurahia. Akanitumia Mheshimiwa kwa bango ya kampeni: kofia ya njano, meno yote nje, vidole gumba viwili juu, na chini imeandikwa NJOGU TENA. Nikaiweka nikiwa nimefunga jicho moja.

Kitu sikufikiria ni kwamba simu yangu ndio simu ya duka. Wateja wa ami Ridhwan wanaagiza kupitia kwangu. Jumatano asubuhi mama mmoja wa Pangani, mwenye hununua dera kila Idi, akaandika, "Mheshimiwa, samahani kwa usumbufu, naomba dera mbili kubwa, na kama kuna ya mama mkwe." Hakuuliza bei. Mwingine akauliza kama kanzu zinagawanywa hivi hivi ama lazima uje na kadi ya kura. Ami alisoma juu ya bega langu, akacheka mpaka akaketi juu ya robota ya leso, halafu akaniambia nijibu kwa adabu kwa sababu mteja ni mteja, hata akikuita Mheshimiwa.

Mtaani ilikuwa mbaya zaidi. Muthoni alinishika getini akitaka basari ya karo ya msichana wake. Nilimwambia sina basari, akasema ndio vile wote husema wakishaingia. Ustadh Musab, aliyenifunza Kurani, akanisimamisha baada ya Alasiri na akaniomba kwa heshima sana nimkumbushe yule bwana kuhusu maji ya msikiti. Nikamweleza kwamba nimeshindwa dau la mpira. Nikaona uso wake umebadilika, nikaharakisha kusema hakuna pesa ndani, tuliweka uso tu. Akafikiria kidogo akasema uso pia ni amana. Nikaenda nyumbani nikitembea kando kando ya ukuta.

Halafu mama akaniona.

Mama anauza mahamri na viazi karai kwa kibanda kando ya barabara, hapa Riruta. Mwaka jana watu wa Mheshimiwa walichimba mtaro mbele ya hiyo kibanda, wakasema ni ya maji ya mvua, itafunikwa wiki ijayo. Wiki ijayo haijafika. Wateja wanavuka na kipande ya ubao, na kuna mzee aliingia ndani na chai yake, akatoka bila. Mama hamtaji Njogu kwa jina. Anamuita yule wa shimo.

Alhamisi alitaka nimbebee iliki kutoka tao. Akafungua simu atume ujumbe, na pale mahali uso wangu hukaa akakutana na meno. Akapiga.

"Nimempigia mwanangu," akasema. "Huyu alojitokeza ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Weye una meno hayo?"

Nikajaribu kueleza, yeye hakutaka kuelezewa kwa simu. Alisema jambo moja na akakata: Jumapili siendi uwanjani na mtu yule mfukoni. Nimtoe, ama nikae nyumbani nisikilizie mechi dirishani.

Hapo ndio nilijua nimekwama. Nikitoa picha, grupu inanitoa, na maiki inaenda kwa Kilonzo, ambaye hutangaza bao kama mtu anasoma bili ya stima. Nikiiacha, mama ananifungia. Na mama akisema amesema. Nilikaa dukani nikikunja leso moja mara tatu, mpaka ami akaninyang'anya.

Jioni nilimpata mama anakanda unga. Nikamweleza yote kuanzia balbu ya choo. Alisikiza bila kuinua kichwa. Mwisho akauliza kama taa ziliwaka kweli. Nikasema ziliwaka. Akauliza kama nilitoa neno langu mbele ya watu. Nikasema nilitoa.

"Basi umeshindwa," akasema. "Picha ikae. Na la Jumapili nilosema li palepale." Akapangusa mikono kwa leso. "Nipe hilo kundi lenu."

Nilimpea simu na nikamwonyesha mahali pa kufinya. Sasa fikiria vile wasee waliiona huko kwao. Uso ni wa Mheshimiwa, kofia ya njano, vidole juu. Unafinya voisi, na ndani inatoka sauti ya mama wa Mombasa, tulivu kabisa.

"Asalaam aleikum, wana wa watu. Ni mamake Jabir, wa mahamri. Taa nimeziona, zawaka, sina neno. Sasa nami nasema hivi. Huyu bwana mlomvisha mwanangu hatafunika mtaro wangu kabla ya huo mpira wenu. Alo na ubishi na aje. Nikishinda, mwanangu avuliwe uso huu, na picha nachagua mimi. Nikishindwa nitauvaa mimi mwenyewe mwezi mzima, na nitauchapisha niubandike kibandani."

Kwa grupu kila mtu akamngoja Thuo. Unaona tu "Thuo anaandika," inapotea, inarudi. Kumbuka Thuo amekula mahamri za huyu mama kila asubuhi tangu akiwa na kamasi. Mwishowe akaandika: "Mama, heshima yako iko palepale. Lakini nimekubali. Utafunikwa."

Ijumaa hakuna mtu aliongea kitu ingine. Watu walikuwa wanapita kwa mtaro kuupiga picha kama watalii. Mmoja aliupima na miguu. Thuo alikuwa anapigia ofisi ya wadi tangu asubuhi, na baadaye alinieleza vile ilienda: kwanza fundi yuko njiani, halafu fundi anangoja injinia, halafu injinia anangoja bajeti, halafu simu imezimwa. Kwa grupu alikuwa anaandika tu "wanakuja." Mama alimtumia voisi ya kumwambia asisahau kula.

Jumamosi nikiwa nafungua kibanda nikaskia mkokoteni. Ni Thuo. Ameupakia slabu za zege kutoka kwa ploti mpya ya babake, yeye na vijana wawili wa mjengo, tope mpaka magotini, na hanitazami machoni. Wakateremsha ya kwanza ikakaa vizuri. Ya pili ilikuwa kubwa. Vijana walikuwa kwa mkokoteni, na Thuo alikuwa anaiinua pekee yake, miguu ikiteleza, karibu aingie pale yule mzee aliingia na chai.

Nilisimama hapo na thermosi mkononi. Nikaona maiki yangu ikienda. Halafu nikaweka thermosi chini nikashika upande wa pili.

"Unajua ukinisaidia unajimaliza," Thuo akasema.

"Beba, buda."

Tulibeba zote. Sijui nikuelezeje, ilikuwa tamu. Tulikuwa tunacheka bila sababu, slabu ikikaa tunaruka juu yake tuone kama inacheza. Nikaanza kutangaza: Thuo anachukua, Thuo anageuka, Thuo amekanyagwa kidole na zege. Watu wakasimama kuangalia. Mama akatoa karai la mahamri akaliweka juu ya slabu katikati, pale pale kwa shimo yake ya mwaka mzima, na tukakula tumekalia mtaro. Thuo alijaza hamri nzima mdomoni akiwa bado amekumbatia kipande cha mwisho cha zege, na mama akampiga picha.

Akimaliza kutafuna akatuma kwa grupu: "Mtaro umefunikwa. Mama, uso uko tayari."

Mama aliomba simu yangu.

"Umefunikwa, alhamdulillahi," akasema, na bado ni Mheshimiwa anaonekana akiongea. "Na nani?"

Manze, hapo ndio grupu ilipasuka. Sijawahi ona mabishano kama hayo. Thuo alisema yeye ni mkono wa Mheshimiwa mashinani. Mtu akamuuliza kama Mheshimiwa anajua ako na mkono. Mwingine akasema babake Thuo hulipa ushuru, kwa hivyo slabu ni za serikali. Mwingine akauliza basi mahamri ni za wizara gani. Muthoni, ambaye hata sikujua ako kwa grupu, aliuliza kuhusu basari. Kilonzo akaweka kura: mtaro umefunikwa na Mheshimiwa, ama umefunikwa na Thuo. Mheshimiwa hakupata hata moja. Thuo mwenyewe alijipigia.

Picha mama aliyochagua mnaijua. Thuo, tope magotini, zege kifuani, mashavu yamejaa hamri. Nikavua Mheshimiwa nikaivaa hiyo saa hiyo hiyo. Halafu Kilonzo akaivaa bila kuombwa. Halafu watu wote. Kufikia Jumapili ukifungua grupu ni Thuo anamtukana Thuo kuhusu ushuru, na Thuo wa tatu akiwaomba waheshimu walio kazini. Thuo wa ukweli alipigiwa simu na Ustadh Musab kuhusu maji ya msikiti.

Jumapili saa kumi na mbili jioni taa ziliwashwa, na mama ndio alikuwa wa kwanza kukaa mbele, karai miguuni. Nilishika maiki. Ilikuwa nzito kuliko kijiko ya chai. Nilisema "Riruta," spika zikasema Riruta mpaka ukuta wa mbali ukaitikia. Sikunyamaza tena. Nilitangaza pasi, nilitangaza kona, nilitangaza mbwa aliyepita. Combine wakafunga, na nikapiga kelele mpaka mashabiki wa Waithaka wenyewe wakaanza kunicheka.

Dakika ya sabini, bao moja kwa bila, taa ya kona ya kule mbali ikapepesa. Ikapepesa tena. Ikazima.

Wachezaji walisimama. Uwanja wote ukageuka, na hawakuangalia taa, waliniangalia mimi, yule wa balbu ya choo. Thuo alikuwa kando ya mstari na mikono miwili kichwani, akinitingishia kichwa polepole, hapana, hapana, hapana. Mama alikuwa ameshatoa simu, ameielekeza kwangu, anarekodi.

Nikavuta pumzi nikainua maiki.