Jua la Maganda

Mzee Polikarp alijaliwa sauti ya kusomea watu majina. Kwa miaka tisa aliyokuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, orodha ya zamu za sala aliisoma kwa mbwembwe, kila nyumba na haki yake: "Kwa Mama Evans! Kwa Baba Alois! Kwa Bibi Dominika!" Ila alipofika kwenye jina moja sauti ilimshuka, akakohoa kidogo, akasema, "Hapa kwa Mama Sharon tutapaacha kwanza. Tunajua hali." Kisha akaendelea na wengine kwa nguvu zake zilezile.

Huo ulikuwa mwaka wa tatu jina hilo linarukwa. Hali waliyoijua ilikuwa hii: nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa mtaa wa Majengo, matofali ya kuchoma, bati juu, sebule isiyopigwa lipu, na viti viwili, kimoja kikiwa na mguu wa kuungwa. Mama Sharon, yaani Kristiana, na mumewe Beda waliijenga wenyewe, tofali kwa tofali, baada ya Beda kutoka mashineni alikokuwa akibeba magunia. Hakuna aliyewahi kumcheka Kristiana. Walimhurumia tu, na mwanamke yule angependa mara mia wamcheke, maana anayekucheka unaweza kumjibu.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, Mzee Polikarp alipokohoa kile kikohozi chake, Kristiana akasimama.

"Mwenyekiti, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Usiniruke. Andika. Jumamosi ya tatu kuanzia leo, sala ni kwangu."

Watu wakatazamana. Mama Evans, jirani yake, ndiye aliyewahi kufungua mdomo. "Hongera, mwenzangu! Basi usihangaike. Nitakuletea mapazia yangu na vitambaa vya makochi. Na kochi moja vijana watalibeba."

Mapazia ya Mama Evans! Rangi ya damu ya mzee, yenye nyuzi za dhahabu. Jumuiya nzima iliyafahamu, maana yalikuwa yamesali katika nyumba nne tofauti mwaka huo peke yake. Mama Evans hakuwa na roho mbaya. Aliazimisha kwa moyo mweupe kabisa, ila wakati wa sala angeinuka mara mbili tatu kuyanyoosha, na hapo hata mtoto mchanga angejua mwenye mali ni nani.

"Asante, Mama Evans," Kristiana akasema. "Safari hii watakuta vya kwangu."

Njiani kurudi nyumbani akaanza kujiuliza. Vya kwake vipi?

Beda alipoambiwa alikwaruza kiganja chake chenye sugu. "Wiki tatu," akasema.

"Wiki tatu."

"Na hela ya saruji hakuna."

"Sijakuuliza saruji, Baba Sharon. Nimekuuliza kama una mikono."

Beda akacheka, na alipocheka Kristiana akajua wapo pamoja.

Kulikuwa na kitu kimoja ambacho msimu ule Ufipa yote ilikuwa nacho bila kukitaka: maganda ya mahindi. Watu walikuwa wakimenya na kupukuchua katika kila ua, na maganda yaliyobaki waliwalisha ng'ombe au waliyachoma moto. Sharon, binti yao wa miaka kumi na mitatu, alikuwa amejifunza kwa bibi yake huko Mwimbi namna ya kuyasuka. Unachagua yale ya ndani, laini na meupe, unayalowesha kidogo, unayachana kwa upana wa kidole, kisha unasuka msuko wa nyuzi tatu kama wa nywele, mrefu usio na mwisho, unauzungusha na kuushona mpaka unakuwa zulia. Kwa hiyo kila jioni familia nzima ilikaa chini sebuleni, inasuka. Hata Elia, mdogo wa Sharon, wa miaka sita, alipewa kazi ya kuchana, akachana na mengine yasiyotakiwa.

Ukuta nao wakaushughulikia. Beda alichimba udongo wa kichuguu, wakauponda, wakauchekecha, wakauchanganya na majivu, na Kristiana akausiriba kwa viganja vyake kuanzia sakafuni hadi juu. Ulipokauka akaupaka udongo mweupe wa kando ya mto kwa kitambaa. Chini, usawa wa goti, akavuta mkanda wa udongo mwekundu kuizunguka sebule yote, bila rula, kwa jicho tu. Alipomaliza akarudi nyuma mlangoni kuutazama. Mkanda ulikuwa umenyooka. Alijiona fundi, na nani wa kumwambia siyo?

Viti vikatoka gereji. Beda aliomba matairi makuukuu kumi na mawili, ambayo mwenye gereji alifurahi kuyaona yakiondoka, akayaosha, akayapanga mawili mawili na kuyafunga kwa waya, akayazungushia kamba ya katani mpaka pasionekane weusi hata kidogo. Juu Kristiana aliweka mto uliojazwa maganda, akaufunika kwa kitenge. Viti sita. Elia alivikalia vyote, kimoja kimoja, na kurudia.

Lakini kilichokuwa roho ya kazi yote ni jua. Lilikuwa wazo la Sharon. Alikata boksi mviringo, upana wa ungo mkubwa, akatengeneza miale ya maganda zaidi ya mia mbili, mingine myeupe, mingine ameichovya kwenye rangi ya mikeka, ya njano na ya chungwa. Likining'inia katikati ya ule ukuta mweupe, kila aingiaye angelikuta usoni. Kilichobaki ni kubandika.

"Tununue gundi, mama?" Sharon akauliza.

"Gundi ya nini wakati ulezi upo?" Kristiana akajibu. Bibi zake wote walibandikia uji mzito wa ulezi, na ukishika unashika. Akaingia jikoni, akachota unga kwenye mfuko, akapika. Uji ukagoma kuwa mzito. Akaongeza unga, ukakaza, kisha ukalegea tena. Akalaumu kuni, akaongeza unga mwingine, akakoroga kwa hasira mpaka ukakubali nusunusu. Ijumaa mchana wakabandika miale yote, na jioni Beda akalitundika jua kwenye msumari. Wote wanne wakasimama kulitazama. Beda akamshika binti yake kichwani. "Hata kwa wenye lipu sijaona kitu kama hiki," akasema, na Sharon akainamisha uso kuficha meno.

Jumamosi asubuhi baridi ya Sumbawanga ilikuwa ile ya kuuma masikio. Sala ilikuwa saa moja. Kristiana alifungua mlango wa sebule saa kumi na mbili na nusu, akabeba kitambaa cha kufutia vumbi, akasimama ghafla.

Sisimizi. Mstari mnene ulishuka kutoka kwenye bati, ukapita juu ya udongo wake mweupe, ukaingia kwenye jua. Jua lenyewe lilikuwa linatembea. Miale zaidi ya thelathini ilikuwa imeanguka kwenye zulia, na mingine ilining'inia.

"Sharon!" Alipiga kelele mpaka Beda akatoka na kiatu kimoja. "Umetia sukari kwenye gundi! Nilikuacha na sufuria dakika mbili ukatia sukari!"

"Sijatia, mama!"

"Usinijibu! Sisimizi wamefuata nini, chumvi?"

Sharon akaanza kulia kimyakimya, mikono imemwanguka. Kristiana akaenda jikoni kwa kishindo kutafuta ushahidi. Kikopo cha sukari kilikuwa pale pale, kimefungwa. Pembeni yake palikuwa na mifuko miwili ya unga iliyotoka kwa mama mkwe wake Mwimbi. Mmoja ulifungwa kwa uzi mweupe, ni ulezi wa uji. Mwingine ulifungwa kwa kamba ya mgomba, na huo ndio uliopungua nusu. Ulikuwa wa kimea. Ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa kwa ajili ya togwa, unga ambao ukiupika unalegea wenyewe na kuwa mtamu bila chembe ya sukari. Mwanamke aliyeolewa Ufipa miaka kumi na mitano alikuwa amebandikia ukuta wake togwa.

Angeweza kunyamaza. Mzazi gani humwomba radhi mtoto mbele ya baba yake? Akarudi sebuleni.

"Sharon, nisamehe mwanangu," akasema. "Ni mimi. Nimechota kimea."

Beda alitaka kucheka, akaona uso wa mkewe, akaghairi. Akalitungua jua, akalitoa nje, akalikung'uta kwenye baridi mpaka sisimizi wakatawanyika, na kila alipokung'uta miale ikaanguka. Kristiana alifuta mstari ukutani kwa majivu. Sharon na Elia waliokota miale kwenye ungo. Boksi likabaki na mapengo makubwa.

Na hapo hapo Mama Evans akatokea, robo saa kabla ya wengine, na furushi kwapani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na milele, amina."

Akaona jua lile lenye mapengo, akaona msumari mtupu ukutani, akaelewa. Akashusha sauti. "Nimekuja nayo tu, mwenzangu, nikasema lolote laweza kutokea. Tunapachika dakika mbili. Sitasema kwa mtu."

Kristiana alilitazama furushi. Nyuzi za dhahabu zilichungulia. Dakika mbili, na pale ukutani pangefunikwa, na hakuna ambaye angemhurumia leo. Ila kuanzia kesho ingekuwa ni nyumba ya tano ambamo mapazia ya Mama Evans yamesali. Akamtazama Sharon na macho yake mekundu, ameukumbatia ungo wa miale. Akapiga moyo konde.

"Asante, Mama Evans. Yaweke hapo pembeni yasichafuke. Utaondoka nayo tukimaliza."

Watu wakaanza kuingia. Mzee Polikarp alikizunguka kiti cha tairi, akakibonyeza kwa kidole, akakaa nusu, kisha akakikalia chote, na sala nzima hakuinuka kwenye kile kiti hata walipotakiwa kusimama, akisingizia magoti. Bibi Dominika alivua kandambili mlangoni bila kuambiwa ili asikanyage zulia. Waliimba, wakasoma Injili, wakatafakari. Kristiana aliona macho ya watu yakipita kwenye ule mkanda mwekundu, yanaufuata pembe kwa pembe, yanarudi kwenye msumari mtupu na kuuliza. Alikaa wima. Hakuna aliyenyoosha pazia.

Baada ya baraka akaleta uji. Alikuwa ameupika kwa kimea kilichobaki, maana sasa alikijua kilipo. Mzee Polikarp akanywa, akalamba midomo.

"Mama Sharon, umetia sukari kiasi gani humu?"

"Hata punje, mwenyekiti."

"Hiyo ni gundi yetu," Beda akasema, akashindwa kujizuia, na akaeleza kisa chote, mifuko miwili, sisimizi, na mkewe alivyoitisha kesi ya sukari alfajiri. Nyumba ikaangua kicheko. Walimcheka Kristiana mbele yake, wakimwelekezea vidole, Bibi Dominika akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kristiana naye akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Ilikuwa tamu kuliko uji.

"Hilo jua liko wapi?" Bibi Dominika akadai. "Nilione."

Sharon akalileta pamoja na ungo, uso umejaa haya. Bibi Dominika akaligeuza, akapitisha kidole kwenye mwale mmoja wa chungwa. "Umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Hili si la kubandika, mjukuu wangu. Hili ni la kushona. Leta sindano ya magunia."

Beda akapasua salfeti ya mbolea iliyooshwa, wakaitandaza juu ya boksi, na wanawake wakavuta viti vya matairi wakazunguka. Sharon alikuwa katikati, anaonyesha: njano hapa, nyeupe hapa, ule wa chungwa upishane na huu. Watu wazima walimuuliza mtoto wa darasa la saba, "Hivi, mwalimu?" naye akawajibu, "Hapana, mama, geuza." Kristiana alisimama jikoni na sufuria mkononi, akiwasikiliza. Alijisikia fahari. Jua likarudi kwenye msumari saa tatu kasoro, na safari hii halikudondosha kitu.

Mama Evans alisimama mbele ya lile jua kwa muda. Kisha akamsogelea Kristiana.

"Mwenzangu, Jumamosi ijayo ni zamu yangu. Uniazime hilo jua."

Kristiana akalichukua furushi la mapazia, akalipangusa majivu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Siazimishi, mwenzangu. Lakini njoo Jumatatu na maganda yako. Sharon atakufundisha ushone la kwako."

Mama Evans akafikiri. Kisha akamgeukia Sharon. "Nije saa ngapi, mwalimu?"

Kabla ya kutawanyika, Mzee Polikarp alijinasua kwenye kile kiti kwa shida, akatoa orodha mfukoni kuandika zamu za miezi iliyofuata. Akasoma kwa mbwembwe zake. Kwa Baba Alois! Kwa Bibi Dominika! Sharon akamshika mama yake kidole, na Kristiana akajikuta anasubiri kile kikohozi, kama alivyokisubiri miaka mitatu.

"Kwa Mama Sharon!" mzee akasoma, kwa sauti ileile, na akaendelea na anayefuata.