Bibi Philomene Mbele ya Tume

Baada ya chai na samaki mkavu, Mwalimu Verna Tambour aligeuza darasa lake kuwa baraza. Nje, mto ulikuwa umeganda. Wanafunzi wake walikuwa Wadene kama yeye, wenyeji asilia wa kaskazini ya Kanada, na alitaka wajue wazee wao walimwambia nini jaji wa tume aliyekuja enzi zile kuuliza kama bomba la gesi lipite katika ardhi yao. Renard akawa jaji. Charlene akapewa nafasi ya bibi yake, Philomene, aliyetoa ushahidi siku hizo na kufariki kabla yeye hajazaliwa.

"Jaji gani huyu, hata nywele hajachana!" Charlene akasema, akasimama.

Alipofungua mdomo tena, ikatoka sauti ya bibi, yenye kikohozi cha tumbaku, kwa Kidene, lugha ambayo Charlene hakuijua. Ilitaja makaburi, njia za mitego, na mahali samaki wanapotagia chini ya barafu. Verna akawatafsiria wanafunzi wengine. Kengele ililia, sauti haikuondoka.

Nyumbani, Lucy, mama wa Charlene, alimmiminia chai.

"Mama, karibu. Na mwanangu je?"

"Yumo humu. Anasema ana njaa."

Lucy akakaanga mkate.

Majira yaleyale tume nyingine ikaja, safari hii kwa ajili ya mgodi. Verna akampeleka Charlene ukumbini.

"Anamwakilisha marehemu?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, ndiye marehemu."

"Sawa. Ana dakika kumi."

"Nilishawaambia," Philomene akasema. "Ni mimi yuleyule, na mto ni uleule. Mnauliza tena kwa kuwa jibu hamkulipenda?"

Mkalimani akatafsiri. Mwenyekiti akashukuru kwa mchango huo mzito, akamwita mzungumzaji anayefuata.

Kibali cha mgodi kilitoka kabla barafu haijayeyuka. Siku hiyo Verna alibaki darasani na Charlene, akampigia magoti.

"Bibi, basi. Mrudishie mtoto sauti yake. Nakuomba."

"Nikinyamaza, nani atawaambia?"

"Hawasikii, Bibi!"

"Najua."

Sauti haikutetemeka, lakini machozi yalimtiririka Charlene, na vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania mkono wa sweta la mwalimu. Verna akamfuta uso, akamfunga skafu, akamsindikiza kwao. Malori ya mgodi yalikuwa yakivuka mto, juu ya mazalio ya samaki, na Bibi Philomene alikuwa akiyaambia kwa upole kwamba hapo si pa kupita.