Taya la Binti Fundi

Woga una miguu mirefu. Binti Fundi alipofika karakana ya makochi ya baba yake akitoka kwa daktari wa meno, aliukuta umeshatangulia, unamsubiri mlangoni.

Meno yake ya juu yalikuwa yamechomoza mbele, ya chini yamebaki nyuma, hata kidole gumba kingepita katikati. Alikua hivyo, akataniwa hivyo, akazoea. Ila sasa meno ya chini yalimchoma kaakaa kila alipotafuna, na kidonda kilikataa kupona. Daktari, mama mmoja wa sauti ya taratibu, hakumficha kitu. Njia ya kwanza ni waya peke yake: ang'olewe meno mawili ya juu, yaliyobaki yavutwe nyuma, kidevu kibaki kilivyo. Ya pili ni waya pamoja na upasuaji: taya la chini likatwe, lisogezwe mbele, likazwe kwa skrubu.

"Uchague kabla hatujaanza," daktari alisema. "Kila njia inavuta meno upande wake. Ukishaingia moja, kugeuza ni shughuli."

"Na huko kukatwa kuna hatari gani?"

"Mshipa wa fahamu unapita ndani ya taya. Mdomo wa chini unaweza kufa ganzi. Wengi hurudiwa na hisia baada ya miezi. Wengine hazirudi zote."

Kisha akamchoma sindano na kumziba jino bovu la chini, maana hilo lilikuwa lazima kwa njia yoyote. Akamwonya asile mpaka ganzi iishe. Hakumwonya asitie misumari mdomoni. Nani humwambia mtu mzima hivyo?

Karakanani, baba yake alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la mteja, amekunja uso. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, anashona foronya za mito.

"Haya, wamesemaje?" Shangazi aliuliza.

"Kukata taya au kuvuta meno."

"Kata, mwanangu. Ukoo mzima videvu vyetu viliishia njiani. Angalau mmoja wetu afike."

"Kidevu cha nini?" baba alidakia. "Kinapigilia misumari? Njoo unishikie hapa, mama, kitambaa kinaniponyoka."

Binti Fundi akachota vijisumari sita kwenye kopo, akavitupia mdomoni. Ndivyo alivyofunzwa na baba yake: mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, ulimi unausukuma msumari nje, kichwa mbele, vidole vya mkono wa nyundo vinaupokea. Baba ilimbidi abane midomo visianguke. Kwa Binti Fundi vilijipanga vyenyewe katika ule mwanya wa meno, kama kuku bandani.

Akapigilia mmoja. Akapigilia wa pili. Akatafuta wa tatu kwa ulimi, ulimi ukapapasa kama mtu gizani. Akatema viganjani. Vilivyotoka ni vitatu, si vinne.

"Baba. Mmoja haupo."

Nyundo ya baba ilisimama hewani. "Usimeze mate," alisema kwa sauti ndogo, na sauti ile ndogo ndiyo iliyomtisha. Shangazi akaacha cherehani, akapekua mito. Baba akapitisha sumaku sakafuni, chini ya kochi, kwenye mabaki ya sponji. Binti Fundi alisimama wima, mate yakimjaa, akiwaza kitu chenye ncha kinavyoteremka kooni polepole.

Shangazi akainua uso. "Wewe. Mdomo wako."

Alijishika kidevu, mkono ukarudi na damu. Akakimbilia kioo. Msumari ulikuwa umezama katika nyama ya ndani ya mdomo wa chini, umebaki kichwa tu, unang'aa. Wala hakuwa na habari. Baba aliuchomoa kwa koleo, na Binti Fundi akautazama ukitoka kama anayetazama kochi likifumuliwa.

"Nitanunua nyundo ya sumaku, inayookota misumari yenyewe," baba alisema. "Hii ya kutia mdomoni basi."

"Si misumari, baba. Mdomo wangu umetobolewa, na mimi nasimuliwa na watu."

Akachukua simu, akampigia daktari, akamweleza yote, akamaliza: "Nataka waya tu."

"Kesho mapema uje uchomwe sindano ya pepopunda," daktari alisema. "Hayo mengine, sikiliza. Waya nao hula mizizi ya meno kwa baadhi ya watu. Na kidevu hakitasogea. Sasa hivi unaongea kama mlevi, tena umeshikwa na hofu. Nipigie ganzi ikitoka."

Akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akijifinya mdomo. Haukuwa wake. Akafinya tena. Je, kama sindano yenyewe imeugusa mshipa? Shangazi alirudi cherehanini bila utani.

Hatimaye pembeni mwa mdomo kukaanza kuwasha, kama siafu wanatambaa. Kisha pale palipotobolewa pakapwita, maumivu yakaja yamejaa, mpaka machozi yakamtoka. Akaachia pumzi.

Akapiga simu tena.

"Unauma?" daktari aliuliza.

"Unauma sana. Ni waya, daktari." Meno mawili mazima yalikuwa yanasubiri koleo. "Mtayang'oa lini?"