Maji ya Kijani ya Mwanapili

Mwanapili binti Abdurahman si mtu wa kusukumwa, na kijiji kizima cha Bodo kilijua hilo. Siku hiyo alijikalia juu ya lango la kutolea maji ya bwawa, leso kaifunga kibwebwe, akasema halifunguliwi.

Chanzo ni mgeni. Everlyn, mnunuzi wa hoteli moja ya Diani, alifika saa moja asubuhi kuyapima maji ya bwawa ambamo kikundi cha kina mama hufuga samaki aina ya mwatiko. Maji yakifaa, hoteli ingechukua samaki wao mwaka mzima. Alitumbukiza kipimo chake, akakunja uso. Oksijeni ilikuwa haba, na maji yalikuwa yameanza uchachu.

"Si nilisema mimi!" Ummi, mwenyekiti wao, akapaza sauti. "Mgeni aonyeshwa maji kama mlenda? Aibu iliyoje! Fungueni, tuyamwage, tuingize maji meupe."

"Mkiyamwaga mmewaua samaki," Mwanapili akasema. "Ukijani huo ndio uhai wao."

Mwaka wa pili huo akilichunga bwawa. Kila alfajiri aliwaona samaki wakitweta juu ya maji, na jua likipanda wakatulia chini. Basi akaelewa. Ukijani ule ni mwani mdogo usioonekana kwa jicho, ambao giza likiwapo huvuta hewa ile ile ya samaki. Jua likiupiga, hula hewa chafu waliyoipumua, uchachu ukapungua, na mwani ukatoa hewa safi.

"Mama, nina safari," Everlyn akasema.

"Ngoja hadi baada ya adhuhuri, mwanangu. Ukipima tena na hali ikawa hii hii, nitalifungua kwa mkono wangu, na bwawa apewe mwengine."

Loo! Ummi akabana midomo. Everlyn akakubali kungoja, shingo upande.

Saa nane akapima. Akakitikisa kipimo, akaenda pembe ya pili, akapima tena. Oksijeni ilikuwa imepanda mara tatu, na uchachu hakuna.

"Haya ni maji yale yale kweli?"

"Nimekaa langoni tangu asubuhi. Nani angeyabadilisha?"

Kina mama wakaangua kicheko. Everlyn naye akacheka, akatoa karatasi ya mkataba. "Mtaalamu wenu wa maji nimwandike nani?"

Mwanapili hajafunua kinywa, Ummi keshadakia.

"Andika Mwanapili binti Abdurahman," akasema, kidevu juu, utadhani kamzaa yeye. "Huyo ni wetu."

Mwanapili akashuka langoni, miguu imemfa ganzi. Alitaka kumrushia Ummi neno, lakini kwa fahari akajikuta akikifungua kibwebwe na kucheka naye.