Nilichosema Mbele ya Kamera

Miaka kumi na tisa sikukosa kipindi cha televisheni cha Jicho la Mnunuzi hata Ijumaa moja. Hapa Thunder Bay kila mtu alijua: saa mbili usiku usimpigie Bernice simu. Nilimwona mtangazaji wake, Trent Maddigan, akiwafichua wauza magari mabovu na madaktari wa meno waongo, na kila aliposema, "Tuko upande wako," nami niliitikia kama niko kanisani. Mjinga mimi.

Tena ni mimi niliyewaandikia barua. Niliwauliza, kila wiki mnatuonyesha matapeli, kwani Kanada nzima hakuna mtu mwaminifu? Njooni kwangu mumwone fundi wangu wa hita, ile mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto, Reino Lahtinen. Reino alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu, Walter, na alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake. Tangu hapo hajaniacha niingie majira ya baridi bila kuja kukagua hita yangu, na mkewe Aila hamruhusu aje mikono mitupu. Lazima alete mkate wa iliki.

Wakaja kweli, mwezi wa kumi. Msimamizi wao, binti mmoja anaitwa Kirsten, alikuwa na sauti ya asali na aliniita "mama" kabla hajavua viatu. Wakaficha kamera kwenye boksi la tishu na nyuma ya makopo ya rangi, kule chini hita iliko. Mtaalamu wao akachomoa waya mmoja, akasema hita yote iliyobaki ni nzima. Basi waitwe mafundi watano, tuone nani atarudisha waya na nani ataniibia. Sharti lilikuwa moja tu, Reino asijue. Nilikubali kwa furaha, maana nilijua atawaaibisha wenzake wote.

Reino alikuja wa mwisho. Waya aliurudisha hata kahawa yangu haijachemka, na malipo akakataa. Lakini hakuondoka. Alilala kifudifudi na kioo chake na tochi, akachungulia mpaka nikaanza kuona aibu mbele ya zile kamera. Alipoinuka aliniambia kasha la chuma lililomo ndani, lile linalotenganisha moto na hewa ya nyumbani, lina ufa, na gesi ya sumu isiyo na harufu itapanda vyumbani. Akafunga gesi na kutundika kadi nyekundu ya hatari, kwa sababu kwa sheria ya huku fundi akiona kitu kama hicho haruhusiwi kukiacha kikiwaka.

"Shemeji, siiwashi," akasema. "Hii itakuua."

Gari lake lilipoondoka tu, yule mtaalamu akaingia, akamulika kidogo, akasema hakuna ufa wala nini. Kirsten akaniwekea mkono begani, akanipa pole, akasema wajane ndio wanaoonewa hivi siku zote. Wakaichana kadi na kuwasha hita. Halafu Trent Maddigan mwenyewe akaketi kwenye kiti cha Walter, akaniuliza najisikiaje. Kamera ilikuwa inanitazama. Nami, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Nilimwamini. Kumbe miaka yote hii alikuwa ananila."

Kipindi kikaonyeshwa. Habari ya waya waliikata yote. Walibakiza "Hii itakuua," wakairudia mara tatu na muziki wa kutisha chini yake. Kisha wakaonyesha Trent akimkimbilia Reino na kipaza sauti nje ya duka la mikate. Mtu mwingine angemtukana mpaka akome. Reino ni Mfini, asili yake Finland. Wafini wa huku ukiwaita waongo wananyamaza, kwa kuwa kwao anayejitetea sana ndiye mwenye kosa. Alisimama akimwangalia tu mpaka Trent akachoka. Kwenye televisheni kimya kile kilionekana hatia tupu. Mimi namjua, nilijua si hatia, na bado kanisani watu walipokuja kunipa pole, nilizipokea.

Mwezi wa kwanza, nikiwa nakunywa chai ya asubuhi, king'ora cha gesi ya sumu kikalia. Zimamoto walinitoa nje na ndala zangu kwenye theluji, kichwa kinaniuma kama kinapasuliwa. Mkuu wao aliifungua hita mbele yangu. Ufa ulikuwa pale pale Reino alipochungulia, mrefu kuliko kidole changu.

Nikampigia Kirsten. Asali ilikuwa imekauka. Alisema mtaalamu alisema alichokiona siku ile, na kwamba wataweka maelezo kwenye tovuti. Nikamwambia mlimchafua kwenye televisheni, msafisheni kwenye televisheni. Akajibu kipindi kile kimeingizwa kwenye mashindano ya tuzo na wanasheria hawataki kiguswe. Wiki mbili baadaye wakakirudia kama kilivyo, nami nikajiona tena kwenye televisheni nikisema maneno yale. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliipiga pasi kwanza.

Nikaenda kwa Aila. Nyumba ile kahawa humiminwa kabla hujakaa, lakini siku hiyo aliniacha kizingitini. Reino alikuwa amefunga kazi yake kwa kukosa wateja, na kwa miaka yake sitini na mitatu amekwenda kutengeneza hita kwenye kambi ya mgodi huko kaskazini, anarudi mara moja kwa mwezi. Nikamweleza yote: ufa, waya waliouficha, walivyonidanganya. Nililia, sifichi.

"Bernice," akasema, "yule wa televisheni hamjui Reino. Wewe ndiye uliyesema."

Nikamwomba anifikishie radhi zangu.

"Radhi hajaulizia. Kila Jumapili akipiga simu anauliza kitu kimoja tu, kama umebadilisha hita."

Nikamwambia nimebadilisha, mpya kabisa, tangu wiki ile ile zimamoto walipokuja.

"Nitamwambia," Aila akasema. "Labda sasa atalala."

Akafunga mlango taratibu.